Kosa Si la Mashine

Mtu mzima akishindwa na kazi, kitu cha kwanza kukilaumu ni chombo. Nami niliilaumu kompyuta yangu.

Marehemu baba aliacha madaftari matatu ya nasaba na wosia kwa ukoo wetu. Niliyapiga chapa mwenyewe, nikitaka kitabu kiwe tayari kwa arobaini yake. Zikiwa zimebaki siku mbili kupeleka kazi kwa mchapaji, nikataka kuondoa nafasi tupu zilizobaki mwishoni mwa mistari. Nilitumia ruwaza, yaani alama chache zinazoieleza programu itafute nini: nafasi moja au zaidi, kisha mwisho wa mstari. Kila itakachokipata, ikifute.

Programu ikaganda. Nikasali isha, nikala, nikarudi, bado. Nikaanza kuhesabu akiba yangu nione kama itatosha kununua mashine mpya.

Asubuhi alikuja mpwa wangu, ambaye huandika programu. Baada ya kuniamkia akatazama kwa muda. "Mjomba," akasema, "mashine yako ni nzima. Ila umeipa kazi ya kuzunguka." Akanionyesha mstari mmoja uliokuwa na nafasi zipatazo 100,000 katikati, zimekimbilia kulia mwa kioo zisionekane, na mwisho wake kuna neno moja.

Programu ilianzia nafasi ya kwanza, ikatembea hadi ya mwisho, ikakuta herufi mahali ilipotarajia mwisho wa mstari. Haikujifunza lolote. Ikarudi, ikaanzia nafasi ya pili, ikapita njia ileile. Kisha ya tatu. Jumlisha 100,000 na 99,999 na 99,998 mpaka ufike moja: ni hatua zaidi ya bilioni 5. Nafasi zikiongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara nne.

Hata mabingwa yamewapata. Julai 2016 tovuti ya Stack Overflow, wanakoulizana waandishi wa programu, ilizimika kwa dakika 34 kwa ruwaza ya namna hiyohiyo, iliyokutana na nafasi 20,000 hivi.

Na dawa ilikuwapo zamani. Mwaka 1968 Ken Thompson alichapisha njia ya kusoma maandishi herufi kwa herufi, ikibeba uwezekano wote kwa pamoja bila kurudi nyuma. Lakini lugha nyingi za programu hutumia njia ya kurudi, kwa kuwa inakubali ruwaza za aina nyingi zaidi. Mpwa wangu hakuhitaji hata ruwaza. Aliiagiza programu ianzie mwisho wa kila mstari, ifute nafasi kwa kurudi nyuma, na ikikutana na herufi isimame. Ilimaliza kabla sijaketi.

Nafasi zile zilitoka wapi? Nilikuwa tayari kuwagombeza watoto wa nyumbani. Kisha nikakumbuka: Ijumaa moja niliondoka kwenda msikitini, nikaliacha daftari la baba juu ya vitufe. Kwa muda wa saa nzima lilikuwa limekandamiza kitufe cha nafasi.

Kitabu kiliwahi arobaini. Tangu siku hiyo, kazi ikinikwama, sianzi kwa kuhesabu fedha wala kutafuta mkosaji. Hujiuliza kwanza: nimeianzia upande gani?