Kivu ya Kaskazini: Umeme unaongezeka, nani atafundishwa kazi yake?

Goma – Jioni ikifika katika mtaa wa Ndosho, nyumba moja inawaka taa, ya pembeni inawasha mshumaa. Ni huko Ndosho kampuni ya Nuru ilifungua, mwezi wa pili mwaka 2020, kituo cha umeme wa jua cha megawati 1,3. Upande wa maji, Hifadhi ya Virunga ilianza na kituo cha Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mwaka 2013. Kikafuata Matebe, Rutshuru, mwishoni mwa 2015, chenye megawati 13, halafu Luviro, Lubero.

Kwa familia iliyokimbia vita na kulala chini ya hema, hesabu hizo hazijazi sufuria. Inachouliza ni kimoja: mtoto wetu atapata kazi?

Jibu ni kwamba ndani ya kituo chenyewe watu wanaobaki ni wachache, ujenzi ukiisha. Kazi nyingi iko nje: kuvuta nyaya, kuweka mita, kufunga taa nyumbani, kuchomelea vyuma, kusaga unga, kuhifadhi samaki kwenye barafu, kutengeneza vibao vidogo vya jua ambavyo sasa vinaonekana hadi kambini.

Na hapo kuna pengo. Betri nyingi zinakufa mapema si kwa ubaya wake, bali kwa sababu zinamalizwa kabisa kila usiku. Waya mwembamba unabebeshwa mzigo mkubwa, unapata moto, nyumba za mbao zinaungua. Kibao kinawekwa kwenye kivuli, kisha mwenyewe anasema ameibiwa. Fundi aliyesoma angezuia hayo yote.

Shamba linabaki kijijini, lakini ufundi unakimbia na mwenyewe. Januari 2025, vita ilipofika Goma, maji na umeme vilikatika mjini, na kila mtu akaona thamani ya wanaojua kuunganisha waya uliokatika.

Basi milango isifunguliwe kwa kujuana tu. Kijana aliyeacha diploma yake katika nyumba iliyoungua apimwe kwa mikono yake. Wasichana nao waitwe; kupima waya hakuhitaji ndevu. Na mama anayeishi kwa kuuza makala asisahauliwe, maana umeme ukienea jikoni, biashara yake itapungua kabla ya nyingine kumfikia.

Wazazi, kabla ya kulipa pesa ya mafunzo, ulizeni mambo matatu: mtoto atashika vyombo siku ngapi kwa juma? Mwalimu amefanya kazi hiyo wapi? Cheti kinatambuliwa na nani? Mahali wanapokosa majibu, pesa ibaki mfukoni.