Kuonja mvinyo si kulewa

Tangu Januari 2023 Mkenya hahitaji viza kuzuru Afrika Kusini kwa muda usiozidi siku 90 kwa mwaka. Ukijaliwa kufika Cape Town, hutakosa mtu wa kukuhimiza uende Stellenbosch, mji wa mashamba ya mizabibu ulioanzishwa mwaka 1679, kilomita 50 hivi kutoka jijini. Kabla hujalipia ziara, msomaji mpenzi, fahamu unachokiendea.

Kwa kawaida mtabebwa kwa basi dogo na kupitishwa katika mashamba matatu au manne. Kiongozi atawaonyesha mizabibu, matangi ya chuma na mapipa ya mwaloni ambamo mvinyo mwekundu hukaa ukiiva. Ukienda Februari utakuta zabibu zikivunwa.

Kisha mtaketi mezani. Usitarajie kujaziwa bilauri. Utamiminiwa mafunda mawili matatu tu ya kila aina, mweupe ukitangulia mwekundu. Tazama rangi yake, zungusha bilauri ili harufu ipande, nusa, halafu usukutue kinywani. Uliza kama wana Pinotage, zabibu iliyozalishwa papo hapo Stellenbosch na Profesa Abraham Perold mwaka 1925.

Mezani patakuwa na chombo mfano wa kindoo. Hicho ni cha kutemea. Kwetu kutema kinywaji cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Huko hata mabingwa hutema, na hakuna atakayekukodolea macho. Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Asiyetema hufika shamba la tatu hajui tena anachoonja. Kula kwanza, kunywa maji kila mara, na usithubutu kujiendeshea gari.

Yapo pia yasiyosemwa sana mezani. Kwa miaka mingi vibarua wa mashamba ya eneo hili walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoitwa 'dop'. Sheria iliikataza, lakini iliendelea kichinichini. Iliacha ulevi katika familia nyingi, na watoto waliozaliwa na kasoro kwa sababu mama zao walikunywa wakiwa wajawazito.

Kwa hivyo, ukishasifu harufu na ladha, muulize mwenyeji wako: wavunaji wa zabibu hizi wanalipwaje leo, na wanalala wapi? Yako mashamba yaliyowapa wafanyakazi hisa, na hayo hujibu kwa fahari. Ukinunua chupa ya kurudi nayo nyumbani, inunue huko.