Mdoli Umechelewa, Nyota Ngapi? (Sehemu ya 14)

 

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja. "Dada nesi, nimeagiza mdoli wa binti yangu mtandaoni, hii wiki ya sita haujafika. Nimpe muuzaji nyota moja?" Mnajua wenyewe midoli gani. Ile ya kukusanya, inayouzwa kwenye boksi la siri, hujui umepata upi mpaka ufungue. Labubu ndiye kinara wao. Alibuniwa mwaka 2015 na msanii Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, na mwaka 2019 kampuni ya Pop Mart ya China ikaanza kumuuza. Ilipofika 2025 dunia nzima ilikuwa inapanga foleni, na watoto wetu wakaanza kutuuliza, "Mama, wangu lini?"

Mtashangaa nesi ana nini na midoli. Jamani, nina binti wa miaka 8 anayekusanya, na mdogo wake wa miezi 14 anayetia mdomoni kila anachookota. Kwa hiyo hili jambo naliangalia kwa macho mawili: la mama anayesubiri mzigo, na la muuguzi anayejua koo la mtoto mdogo lilivyo jembamba.

Jibu langu ni hili: usitoe nyota hata moja kabla mdoli haujafika mkononi na hujauvuta macho. Nitaeleza kwa nini.

MZIGO UNACHELEWA WAPI?

Wengi wetu tunaagiza China kupitia wakala. Muuzaji anapeleka mzigo kwenye ghala la wakala, mara nyingi Guangzhou, halafu unapanda ndege au meli hadi Dar. Ndege ni siku, meli ni wiki nyingi. Lakini ucheleweshaji mkubwa mara nyingi hauko angani wala baharini. Mdoli mmoja haujazi kontena. Unakaa ghalani ukisubiri mizigo ya watu wengine, kontena lijae, ndipo lisafiri. Likifika kuna bandari, kuna forodha, kuna kupanga mzigo wa kila mtu. Hapo kila siku inahesabika kwako, na hakuna anayekupigia simu.

Halafu angalia kalenda. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Viwanda hufungwa, wafanyakazi wanarudi kwao, na mambo hayarudi sawa siku moja. Kuanzia tarehe 1 Oktoba kuna sikukuu nyingine ndefu. Tarehe 11 Novemba ni siku kubwa ya punguzo la bei mtandaoni huko China, na maghala yanafurika. Kwa hiyo ukitaka zawadi ya Krismasi ije kwa meli, usiagize mwishoni mwa Novemba halafu ukamlilia wakala.

Kingine: midoli inayowaka taa au kuimba ina betri, na usafiri wa ndege una masharti makali kuhusu betri za lithiamu. Mzigo ulioulipia ndege unaweza kukataliwa ukahamishiwa meli. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: una betri au hauna?

Na ile namba ya kufuatilia mzigo. Kama umetumwa kwa posta, namba ya kimataifa ina herufi 2, tarakimu 9, halafu herufi 2 za nchi ulikotoka, mfano CN kwa China. Ukiona taarifa inasema lebo imetengenezwa tu, maana yake muuzaji amechapa karatasi, mzigo wenyewe huenda bado uko mezani kwake. Na ikikaa siku nyingi bila kubadilika baada ya kuondoka China, usipaniki. Mzigo ukiwa njiani hakuna anayeuskani.

Ila msinielewe vibaya. Kuna kuchelewa na kuna kuibiwa. Masoko makubwa mtandaoni yanakupa siku za kudai pesa yako, na siku hizo zina mwisho. Zihesabu, ziandike kwenye kalenda ya simu. Muuzaji akikwambia "subiri kidogo tu dada", angalia kama kidogo chake hakivuki siku ya mwisho ya kudai. Na usibonyeze kwamba umepokea kabla hujapokea, hata akikubembeleza vipi. Kwa wauzaji wa inboksi unaowatumia pesa moja kwa moja kwa simu, ulinzi huo hakuna. Hapo silaha yako ni skrinshoti: bei, tarehe aliyoahidi, picha aliyokuonyesha.

SASA TUJE KWENYE NYOTA

Mimi binti yangu mdoli wake ulichukua siku 51. Muuzaji aliahidi 30. Alilia, akanuna, akaacha kuuliza, akasahau, siku umefika akalia tena kwa furaha. Kwenye ukurasa wa muuzaji yule nilikuta ana nyota moja nyingi kweli kweli, na karibu zote zinasema neno moja: "kachelewa". Hakuna aliyesema mdoli wenyewe ukoje.

Jirani yangu, ameniruhusu niseme bila jina lake, alipata wa kwake ndani ya siku tatu. Muuzaji wa hapa hapa mjini, bei karibu theluthi ya ile niliyolipa mimi, bodaboda akaleta mpaka mlangoni. Siku ile ile akampa nyota tano: "Yuko fasta sana, Mungu ambariki." Wiki ya pili akanigongea mlango. "Mama Neema, hebu njoo uone." Mkononi ameshika jicho la mdoli, limelowa mate. Mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa nalo shavuni, analizungusha kama pipi. Bibi ndiye aliyeona shavu limevimba.

Mtoto mzima, hana shida, tulicheka baadaye. Lakini mimi sikulala vizuri usiku ule, maana nilikuwa najiuliza: zile nyota tano zipo bado, ni akina mama wangapi wamezisoma wakaagiza?

Ndipo ninapotaka tuelewane. Kuchelewa hakumkabi mtoto. Jicho la mdoli linamkaba. Sisi tunatoa nyota kwa bodaboda, halafu mama mwingine anazisoma kana kwamba tumekagua mdoli.

Na si mimi tu ninayesema. Agosti 2025, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilitoa onyo kuhusu Labubu bandia, wale wanaoitwa Lafufu. Ilisema wanaweza kuachia vipande vidogo vya kuziba njia ya hewa ya mtoto, na ikawataka watu waache kuwatumia. Alama za yule halisi walizozitaja ni hizi: boksi lina stika inayometameta ya Pop Mart, lina msimbo wa kuskani, na mdoli una meno 9 kamili, si 8 wala 10. Hesabuni meno, mama zangu.

Tena hata yule halisi si wa kumpa mtoto mchanga. Midoli hii ya kukusanya ni ya wakubwa kidogo, na boksi huandikwa umri. Soma umri ule. Kwa mtoto chini ya miaka 3 nina kipimo cha bure: lile bomba la karatasi linalobaki toileti pepa ikiisha. Kipande chochote kinachopita ndani yake, mtoto wa umri huo asikipate.

Betri zile ndogo za duara kama za saa, hizo ni habari nyingine kabisa. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ukihisi mtoto kameza, usisubiri dalili, usimtapishe, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Sumaku nazo vivyo hivyo: zikimezwa mbili zinavutana tumboni na kubana utumbo katikati.

ANDIKA MAONI KAMA RIPOTI YA ZAMU

Kazini, zamu ikiisha, tunakabidhiana wagonjwa. Nikija asubuhi nikakuta mwenzangu ameandika "mgonjwa anaendelea vizuri", hajanisaidia kitu. Vizuri vipi? Joto ngapi? Amekunywa nini, saa ngapi? Nesi mzuri anaandika alichokiona, si alivyojisikia. Maoni ya mnunuzi ni hivyo hivyo. Unamkabidhi mama mwenzako usiyemjua, ambaye usiku wa manane ananyonyesha huku anaperuzi na pesa ya mwisho ya mwezi iko kwenye simu.

Mambo matano yanatosha:

1. Tarehe. Umeagiza lini, uliahidiwa lini, umefika lini. Kwa ndege au meli.
2. Boksi limefikaje. Limefungwa, limebonyea, lina stika?
3. Kilichomo kinafanana na picha? Rangi, ukubwa, harufu.
4. Umevuta macho, vifungo, nyuzi. Kimetoka nini?
5. Ulipomuuliza muuzaji, alijibu nini na baada ya muda gani?

Haya niliyoandika mimi: "Nimeagiza kwa meli, niliahidiwa siku 30, zimekuwa 51. Muuzaji alijibu kila nilipouliza, ila hakunipa taarifa mwenyewe. Boksi limebonyea kona moja, stika ipo. Meno 9. Nimevuta macho na masikio, hakijatoka kitu. Mtoto wa miaka 8 anacheza nao, wa mwaka mmoja simpi." Nikatoa nyota nne. Ile moja niliikata kwa siku 21 za ukimya.

Na rudi tena baada ya mwezi. Sehemu nyingi zinakuruhusu kurekebisha maoni. Mdoli mzima siku ya kwanza unaweza kung'oka macho baada ya kufuliwa mara mbili. Jirani yangu alirekebisha ya kwake usiku ule ule: nyota moja, picha ya jicho pembeni ya sarafu watu waone ukubwa, na maneno "usafiri mzuri, mdoli ni hatari kwa mtoto mdogo". Muuzaji akamtumia ujumbe: afute, atarudishiwa pesa yote. Jirani yangu pesa ile aliihitaji, msifikiri hakuihitaji. Alimjibu, "Kaka, pesa nirudishie kwa sababu mdoli ni mbovu, maoni yanabaki." Mpaka leo hajarudishiwa.

Presha ya namna hii si ngeni. eBay walianzisha utaratibu wa wanunuzi na wauzaji kupeana maoni tangu miaka ya 1990. Ikafika mahali mnunuzi anaogopa kusema ukweli, maana muuzaji naye anamrudishia maoni mabaya. Mwaka 2008 wakabadilisha: muuzaji asiweze tena kumpa mnunuzi maoni mabaya. Marekani tangu Oktoba 2024 kuna kanuni inayokataza kununua maoni kwa sharti kwamba yawe mazuri au mabaya. Kwa hiyo ukikuta kikaratasi ndani ya boksi, "tupe nyota tano upate zawadi", jua nyota za mwenzio ulizozisoma huenda zilinunuliwa hivyo hivyo.

Ukisoma maoni ya wengine, anza na ya nyota mbili na tatu. Huko ndiko watu wanaeleza. Tafuta picha walizopiga wanunuzi wenyewe sebuleni kwao, siyo za muuzaji. Na ukikuta "bado sijafungua, ni zawadi ya mtoto wa dada, ila nampa tano", pita tu. Huyo amesifia boksi.

Neno la mwisho kwa usalama wenu: ukipiga picha ya mzigo, funika lebo yenye jina, namba ya simu na mahali unapokaa. Na sura ya mtoto haihitajiki. Tunataka kuona mdoli.

Sasa kazi ya leo. Fungua simu, tafuta maoni ya mwisho uliyoandika kwa kitu cha mtoto. Yasome kama vile wewe ndiye mama unayetaka kuagiza. Yakiwa yanasema "nzuri sana asante" tu, yarekebishe kabla hujalala. Halafu niambie hapa chini umeongeza nini.

Sehemu ya 15 nitaandika kuhusu matone ya pua ya watoto wachanga. Wale mlioniomba tangu mwezi uliopita, sijawasahau, mzigo wenu uko njiani.