Usitumie RUN

Watu wakisikia kwamba wikendi zangu huishia kwenye kompyuta za miaka ya themanini, swali huwa lile lile: "Za nini sasa?" Beste yangu mmoja, msee wa kuandika programu za simu, aliiangalia ile iliyokuwa mezani kwangu akacheka mpaka akakaa. Simu yake ina memori ya gigabaiti 8. Mashine yangu ina kilobaiti 48. Nilipiga hesabu: memori ya simu yake inaweza kumeza memori ya mashine yangu zaidi ya mara 174,000.

"Hiyo si kompyuta, buda," akaniambia. "Hiyo ni kalkuleta yenye kiburi."

Kiburi iko nacho, siwezi kukataa. Inaitwa ZX Spectrum. Ilitolewa Aprili 1982 na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, Uingereza, ikauzwa pauni 175 kwa ile ya kilobaiti 48 na pauni 125 kwa ndugu yake mdogo wa kilobaiti 16. Ni nyeusi, ina ukubwa wa kitabu cha kawaida, na funguo zake 40 ni za mpira, laini kama vifutio vya shule. Haina skrini, kwa hivyo unaiunganisha na televisheni. Haina diski, kwa hivyo unaiunganisha na redio kaseti. Ukiizima, inasahau kila kitu.

Hii moja ilikuwa ya Baba. Alikuwa mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili, na mwaka 1985 alirudi kutoka Leeds, alikokuwa amepata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja. Kabla hajaondoka, Mama alimwagiza kitu kimoja tu: cherehani. Baba akarudi na Spectrum. Nimeisikia hadithi hiyo kwa kila toni unayoweza kuwazia: kwa kicheko wageni wakiwepo, kwa uchungu wageni wakienda. "Mimi nakamua ng'ombe saa kumi na moja asubuhi, yeye anacheza na TV." Cherehani ilikuja baadaye, mwaka 1987, na katika historia rasmi ya nyumba yetu ile ilikuwa faini. Baba alilipa ili amani irudi.

Alifariki 2019. Tulipokuwa tunasafisha stoo, niliipata mashine ndani ya boksi, chini ya magunia, pamoja na adapta yake. Mama akasema niitupe au niichukue, yeye hataki kujua. Nikaichukua.

Kuna bahati moja ambayo sisi Wakenya hatuifikirii sana. Kompyuta iliyotoka Uingereza haikuhitaji kubadilishwa chochote ili ifanye kazi hapa. Plagi ni ile ile ya meno matatu ya mraba, umeme ulikuwa ule ule wa volti 240, na televisheni zetu za zamani zilitumia mfumo wa rangi wa PAL kama zao. Kule Luthuli Avenue nilinunua televisheni ya kioo, zile za mgongo mrefu ambazo watu waliziondoa sebuleni baada ya matangazo ya analojia kuzimwa mwaka 2015. Ukiiwasha leo ni chenga tupu kila chaneli. Lakini ukiitafuta chaneli ya 36, hapo ndipo Spectrum hutangaza, kituo cha mtazamaji mmoja.

Siku ya kwanza ilitangaza milia, mistari myeusi na myeupe imesimama wima kutoka juu hadi chini, kama punda milia aliyegandishwa kwenye kioo. Milia si mbaya, kwa sababu milia ni dalili, na mashine ya enzi hizo dalili zake zinasomeka. Simu yako ikikataa kuwaka, unampa fundi nayo anakuambia "motherboard imeenda," basi. Hakuna aliyejua iliendea wapi. Spectrum unaifungua kwa skrubu tano na kila kitu kiko mbele yako, kila sehemu imeandikwa namba yake kwenye bodi. Mchoro wa saketi yote unaenea kwenye karatasi moja kubwa. Mtu mmoja anaweza kuielewa yote, toka waya wa umeme hadi herufi kwenye skrini, na mimi sijui kifaa kingine nyumbani kwangu ambacho naweza kusema hivyo.

Mita yangu ilisema volti 5 zipo. Volti 12 hakuna. Volti 5 za hasi hakuna. Sasa hapo lazima nieleze kidogo. Kilobaiti 16 za kwanza za Spectrum zinakaa kwenye chipu nane za aina ya 4116, na chipu hizo zina madoido: zinataka umeme wa aina tatu kwa pamoja, 5, 12, na 5 ya hasi. Kuna saketi ndogo yenye koili na transista mbili, TR4 na TR5, ambayo kazi yake ni kutengeneza hizo mbili za ziada. Ile ya hasi ikipotea na nyingine zikabaki, chipu zinaanza kujichoma zenyewe kimyakimya. Miaka na unyevu wa stoo vilikuwa vimeimaliza TR4.

Nilipobadilisha transista, umeme ukarudi, lakini milia ikageuka tu kuwa madoa. Nikapitisha kidole juu ya zile chipu nane, moja baada ya nyingine. Sita zilikuwa na uvuguvugu. Mbili ziliniunguza.

Mbinu ya kuthibitisha nilifundishwa na mzee mmoja fundi wa redio pale Luthuli, ambaye ana kibanda cha upana wa mlango na droo zenye vipuri vya zamani kuliko mimi. Usikimbilie kung'oa, aliniambia. Chukua chipu nzima, iweke juu ya ile unayoishuku, miguu iguse miguu, uwashe. "Mbebeshe mgongoni. Mtoto akinyamaza, umejua shida iko kwa mama." Mbinu hiyo haijibu kila mara, lakini madoa ya ile chipu ya kwanza yalitoweka. Niliagiza chipu kutoka Uingereza, nikasubiri wiki tano, nikafyonza solda kwa pampu polepole, kwa sababu njia za shaba kwenye bodi kuukuu hubanduka ukizidisha moto. Nikaweka soketi, ili atakayekuja baada yangu asiteseke.

Wakati nasubiri nilisoma habari ya zile kilobaiti 32 zilizobaki, na hii sijaacha kuifikiria. Chipu zake zilitengenezwa kubeba mara mbili ya hizo. Kiwandani zikapimwa, zikapatikana na kasoro kwenye nusu moja. Badala ya kutupwa ziliuzwa kwa bei nafuu, na Sinclair wakanunua, wakatumia ile nusu nzima. Kwenye bodi kuna kipande cha waya kinachoiambia mashine itumie nusu ipi. Kwa maneno mengine, kompyuta iliyowafundisha watoto wengi wa Uingereza kuandika programu ilisimama juu ya vitu vilivyokataliwa. Kila nikipita Gikomba naiona biashara hiyo hiyo ikiendelea.

Chipu zilipofika na kukaa mahali pake, skrini ikawa nyeusi sekunde moja au mbili, kisha nyeupe safi, na chini kabisa maandishi madogo: © 1982 Sinclair Research Ltd. Nilimpigia Mama simu saa nne usiku.

"Imewaka?" Akanyamaza. "Kwa hivyo kazi zake ziko ndani?"

Hilo swali sikuwa nimejiandaa kulijibu. Memori ya aina hii ni ndoo iliyotoboka: lazima ijazwe upya kila baada ya milisekunde mbili hivi, la sivyo inasahau. Kitu cha mwisho Baba alichoandika humo kilipotea mara tu alipochomoa waya. Nilimwambia hapana Mama, ndani hakuna kitu. Akasema, "Sawa," ile sawa ya Mama ambayo si sawa. Halafu wiki iliyofuata akatuma mkebe wa Kimbo kwa matatu. Ndani mlikuwa na kaseti nne. Tatu zilikuwa za kwaya. Ya nne ilikuwa na mwandiko wa Baba, herufi kubwa za ubaoni: MAZIWA. AGOSTI 86. GO TO 10. USITUMIE RUN.

Mtu anayeijua Spectrum ataelewa mara moja. Programu za BASIC huanzishwa kwa amri ya RUN. Lakini RUN, kabla ya kuanza, hufuta kila namba na kila jina lililohifadhiwa. Ukitaka kuanzisha programu bila kugusa yaliyomo, unaiambia iende moja kwa moja kwenye mstari fulani: GO TO 10. Na ukihifadhi programu kwenye kaseti, Spectrum huhifadhi na yaliyomo pamoja nayo. Baba hakuwa ameacha tu programu. Ameacha data, na onyo juu yake.

Nilibeba kila kitu hadi nyumbani kwa Mama, televisheni ikiwa mapajani kwenye matatu, kondakta akinilipisha viti viwili. Mkanda wa mpira wa ile redio kaseti nilikuwa nimeubadilisha. Kilichobaki ni kile kiskrubu kando ya hedi, unachokizungusha polepole huku ukisikiliza hadi sauti iwe kali, iache kufifia. Nikabonyeza J, LOAD ikaandikika. Pembeni mwa skrini ikaanza mistari ya nyekundu na samawati, kisha ya buluu na manjano, na ile sauti ya kukwaruza masikio. Mara ya kwanza: R Tape loading error. Mara ya pili vile vile. Mama akaenda kuweka chai. Mara ya tatu ikaandika 0 OK.

GO TO 10.

Yalikuja majina, kila moja limekatwa kwenye herufi ya kumi kwa sababu ndivyo alivyoyatengea nafasi: DUKANI. JIRANI JUU. MWALIMU MK. Mbele ya kila jina, lita. Mama alivaa miwani, akakaa karibu na kioo.

"Huyu Mwalimu Mkuu hakuwa anachukua mbili. Alikuwa anachukua tatu, na hakulipa." Alibishana na skrini dakika kumi nzima, mteja baada ya mteja. Kisha tukafika chini. JUMLA SH 558. Na mstari wa mwisho: CHEREHANI BADO SH 640.

Nilidhani atalia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Miaka yote hiyo tuliambiwa cherehani ilikuwa faini, kumbe mtu alikuwa anaiwekea pesa mwezi baada ya mwezi, kwa ile ile mashine ya lawama. Mama aliusoma mstari ule mara mbili.

"Pesa ya maziwa," akasema. "Kwa hivyo nilijinunulia mwenyewe."

Halafu akauliza: "Chakula cha ng'ombe iko wapi?"

Nilibonyeza K, nikaita LIST, tukapitia programu yote. Ni kazi safi, ya mwalimu wa hisabati, kila hatua mahali pake. Lakini ina safu ya lita na safu ya bei, basi. Hakuna mahali popote pa chakula, wala dawa ya kupe, wala chumvi. Hivyo vyote, Mama akaniambia, vililipwa kwa pesa ya mayai, na mayai hakuna aliyeyaandika popote, hata yeye mwenyewe.

"Si unaweza kuongeza?"

Ninaweza. Ukiongeza mstari kwenye programu ya Spectrum, yaliyomo hayafutiki. Nilimwachia kiti. Nikamwonyesha kwamba L ikibonyezwa mara moja inaandika LET nzima, naye akaitazama kwa mshangao kidogo: "Inajua nataka kusema nini." Alibonyeza kwa kidole kimoja, akitamka kila namba. Gharama za Agosti 1986 alikuwa nazo kichwani, shilingi kwa shilingi, miaka zaidi ya thelathini bila umeme. Tulipomaliza, 558 ikawa 183, na deni la cherehani likapanda.

"Hapo sasa," akasema.

Kaseti ya Baba nimevunja vile vijino vya nyuma ili mtu asirekodi juu yake. Toleo la Mama tulilihifadhi kwenye kaseti mpya, tukaicheza tena kuhakikisha inasomeka, na lebo akaiandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu: MAZIWA NA GHARAMA. Chini yake, kwa sababu alikuwa ameelewa, akaongeza: GO TO 10.

Sasa ananiuliza kama mashine hiyo inaweza kuweka pia mayai.