Nyundo Iliyopotea Hoxne

Kijiji cha Hoxne kiko Suffolk, mashariki ya Uingereza, si mbali na mto Waveney. Kutoka London tulipanda treni hadi mji mdogo wa Diss, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kisha mpwa wetu akatuchukua kwa gari kupitia njia nyembamba za mashambani. Ni nchi ya ngano na shayiri, yenye nyumba chache na utulivu mwingi, na msafiri asiyejua habari zake angeipita bila kugeuza shingo. Sisi na ahali yetu tuliifuata kwa sababu ya nyundo.

Mnamo Novemba 1992 mkulima wa hapo, Peter Whatling, alipoteza nyundo yake shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes amsaidie kuitafuta. Bwana Lawes alikuwa mtunza bustani mstaafu, na alipostaafu alipewa zawadi ya kifaa cha kutambua metali, ndugu wa kile ambacho walinzi hutupitishia mwilini kwenye milango ya maduka makubwa. Kifaa kikalia. Alipochimba hakukuta nyundo; alikuta vijiko vya fedha, sarafu na mapambo ya dhahabu.

Hapa ndipo penye kisa. Wawili hao hawakuchimba mpaka wakamaliza, wala hawakungoja giza liingie. Waliacha kazi, wakapeleka habari kwa polisi na kwa halmashauri ya jimbo, iliyokuwa ikimiliki ardhi ile. Siku ya pili wataalamu wa mambo ya kale wakafika, wakafukua kwa taratibu. Kwa kuwa vitu vingi vilikuwa bado vimekaa kama mwenyewe alivyovipanga, iliwezekana kujua kwamba vilitiwa ndani ya sanduku la mbao za mwaloni, na kipi kilipakiwa karibu na kipi. Zilikuwamo sarafu karibu 15,000 za dhahabu na fedha, vijiko na pawa karibu 100, na bangili 19 za dhahabu. Mali hiyo ilizikwa mwanzoni mwa karne ya 5, utawala wa Warumi ulipokuwa ukiporomoka katika kisiwa kile, na aliyeizika hakurudi.

Bwana Lawes alitunukiwa pauni milioni 1.75, naye akagawana na rafiki yake mkulima. Nyundo pia ilipatikana, na leo iko mikononi mwa Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London.

Shamba lenyewe tulilitazama kwa mbali, kwa kuwa ni mali ya watu. Lakini mpwa wetu alikuwa akijuana na wazee wawili, mume na mke, ambao hutembea na vifaa hivyo kila Jumamosi kwa idhini ya mwenye shamba. Bibi alituonyesha namna kinavyofanya kazi. Duara lililo mwishoni mwa fimbo hutoa nguvu za sumaku kuelekea ardhini. Metali iliyofukiwa huzijibu, na jibu hilo humfikia mtafutaji masikioni kama mlio. Mlio wa msumari si mlio wa fedha, na sikio hujifunza kutofautisha kwa miaka. Mara nyingi kinachotoka ni vizibo vya chupa, vifungo vya nguo na maganda ya risasi za wawindaji. Kila shimo hufukiwa na majani kurudishwa mahali pake.

Mama watoto wetu alimuuliza, "Basi bibi, faida yake ni nini, ikiwa siku nzima ni misumari?"

Akajibu kwamba watoto wake walipoolewa na kuhama, nyumba ilikuwa kimya mno, na kazi hii ilimtoa nje, ikamrudishia miguu yake na mazungumzo na mumewe. Kisha akatusimulia juu ya jirani yake mjane aliyepoteza pete ya ndoa akipalilia. Bibi huyu aliitafuta siku tatu kwenye matuta ya viazi mpaka akaipata. "Dukani haina bei kubwa," alisema, "lakini sijapata kutoa kitu ardhini kilichonifurahisha zaidi ya kile."

Maneno hayo yalitukumbusha mlango wa vitabu vya fikihi tuliousoma chuoni tungali wadogo. Kiokotwa hutangazwa mwaka mzima, kwa kuwa kina mwenyewe. Hata rikazi, hazina iliyozikwa zama za kabla ya Uislamu, ina fungu moja katika matano lisilokuwa la aliyeipata. Jicho lililoona si hati ya umiliki.

Tuliporejea London tulikwenda kuiona hazina. Bangili moja imechorwa maneno ya kumtakia heri mwanamke aitwaye Juliane. Mama watoto aliitazama kwa muda mrefu. Vipo pia vikopo vinne vya fedha vya kutilia pilipili manga, kimoja kwa umbo la mwanamke aliyevaa vizuri. Pilipili hiyo ilitoka Bara Hindi, ikavuka bahari yetu kwa pepo zile zile za msimu zilizoleta majahazi ya wazee wetu, hadi ikafika mezani kwa Juliane na jamaa zake.

Nasi pwani tumekalia ardhi ya namna hiyo. Shanga, katika kisiwa cha Pate, zimefukuliwa sarafu ndogo za fedha zilizopigwa na Waislamu wa huku huku. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba kisiwani Manda imepatikana sarafu ya China ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424. Sarafu kama hiyo ikiuzwa kwa mpita njia huwa kipande cha chuma tu. Ikiachwa na mahali pake husema nani alifanya biashara na nani.

Kwetu Kenya, kutafuta mambo ya kale ardhini bila leseni ni kosa kisheria, kwa hivyo hatumhimizi mtu kununua kifaa na kwenda kuchimba magofu. Lakini watoto wetu huokota vigae vya kaure na sarafu baada ya mvua. Mtoto akikuletea kitu kama hicho, mama, usimkemee wala usikitupe. Muulize amekiona wapi, andika mahali hapo, usipachimbe, kisha kipelekeni makumbusho, Fort Jesus au Lamu, mkiwa pamoja. Atakua akijua kwamba kupata ni mtihani kama kupoteza, na kwamba yuko mwenye haki hata akiwa amelala ardhini miaka elfu. Wabillahi tawfiki.