Uso Ukivimba, Tusikimbilie Ramli

Hapa Usoke tunapowatembelea wagonjwa, mara nyingine twamkuta mtu amevimba uso na miguu, na majirani wameshasema karogwa. Huenda ni figo. Figo zetu mbili, kila moja kama ngumi, huchuja damu, hutoa maji ya ziada na kuusaidia mwili kutengeneza damu. Zikishindwa, maji na takataka hubaki mwilini: mgonjwa huwashwa, hutapika, huishiwa damu na pumzi. Shinikizo la damu na kisukari ndivyo vyanzo vikubwa. Tumbaku hutuumiza migongo, lakini dawa za maumivu za kila siku nazo huharibu figo. Tangu 2017 Muhimbili hupandikiza figo. Kupima presha na mkojo mapema ni safari fupi zaidi. Tuwaombee wagonjwa, na tuwasindikize hadi zahanati.