Wosia kwa Mtakaobaki na Watoto

Wajukuu zangu,

Nawaandikia nyinyi vijana wa shirika la Xaveri, nyinyi wa kwaya, na zaidi nyinyi mnaoshinda na wadogo wa shirika la Kizito-Anuarite pale uani mwa parokia. Miguu yangu haifiki tena Alunguli, ng'ambo ya mto, na kifua hakiniruhusu kusema muda mrefu, kwa hiyo niliyotaka kuwaambia kwa kinywa nayaweka kwenye karatasi. Nyumba na baiskeli nimekwisha kuzigawa, hayo ni ya wanangu. Haya ni yenu.

Kila tunapotayarisha watoto kwa komunio ya kwanza, mmoja wenu huniuliza kwa sauti ya chini: padri akisikia katika kitubio kwamba mtu anamharibu mtoto, atanyamaza kweli? Katekista ana mengi ya kufanya wakati huo, nami nilizoea kujibu kwa kifupi. Sasa nina nafasi.

Ndiyo, atanyamaza. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliomwamuru kila Mkristo kuungama walau mara moja kwa mwaka, ulimwamuru pia padri asimfichue muungamaji kwa neno wala kwa ishara. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inashika amri hiyohiyo hadi leo. Padri anayeivunja waziwazi ametengwa na Kanisa papo hapo, na kumfungulia ni kazi ya Roma peke yake. Kipengele cha pili cha kanuni hiyo watu hawakisomi, nacho kinatugusa sisi walei: mkalimani aliyekaa kati ya padri na muungamaji naye anafungwa na siri, na pia yeyote aliyesikia kwa bahati. Penye padri mgeni asiyejua Kiswahili, mkalimani atakuwa nani kama si katekista? Kwa hiyo msidhani haya ni mambo ya mapadri tu.

Wala msiharakishe kuidharau siri hiyo. Wengi wenu hamkuona Kindu ya mwaka 1998, waasi wa RCD walipoingia, wala ile ya waasi wa Simba mwaka 1964. Tulioiona tunajua mji unavyokuwa pale kila mtu anapomwogopa mwenzake, pale jina lako linapoweza kufika kwa askari kabla hujamaliza sahani ya wali. Katika mji wa namna hiyo, sikio moja lisilouza habari lina thamani kuliko dhahabu ya Maniema yote. Mtu aliyekuwa ameua aliweza kuja mbele ya padri na kusema. Sikubali mtu anayesema kwamba hilo lilikuwa jambo dogo.

Lakini ulimwengu unabishana, na ubishi wenyewe si wa kipumbavu. Huko Australia tume ya serikali ilichunguza kwa miaka jinsi makanisa, shule na nyumba za yatima zilivyoshughulikia watoto walioharibiwa, na ripoti yake ya Desemba 2017 ilitaka sheria ya kutoa taarifa isimwache nje padri, hata katika kitubio. Jimbo la South Australia likaanza mwaka 2018, na Victoria na Queensland yakafuata. Haikuwa chuki ya dini tu: kule Queensland padri mmoja alikuwa ameapa kwa maandishi kwamba aliungama makosa yake juu ya watoto mara nyingi sana, kwa mapadri mbalimbali, kwa miaka mingi, na kila mara alitoka akiwa amesamehewa na kurudia yaleyale. Nchini Marekani, jimbo la Washington lilipitisha sheria kama hiyo Mei 2025. Maaskofu wakaenda mahakamani, na Julai, kabla haijaanza, jaji akazuia isitumike kwa yanayosemwa katika kitubio.

Sisi tuko wapi? Sheria ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 73, inamfunga mwezi mmoja hadi sita mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake au hadhi yake, isipokuwa ameitwa kutoa ushahidi mbele ya mahakama au sheria yenyewe imemlazimisha kusema. Upande wa pili kuna sheria za Julai 2006 juu ya ubakaji, na ile ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Kwa hizo, mtoto ni yeyote ambaye hajafika miaka 18, na anayembaka anafungwa miaka 7 hadi 20. Sheria ya 2006 inawataja kwa kazi zao wale ambao adhabu yao ya chini inaongezwa maradufu: mzazi, mwalimu, mganga, na mhudumu wa dini aliyetumia vibaya nafasi yake. Imeandika hata kwamba uchunguzi wa awali uishe katika mwezi mmoja na hukumu itoke katika miezi mitatu. Mwendo wa parke zetu, ofisi hizi za mashtaka, mnaujua, sina haja ya kuongeza.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ulipo wosia wangu. Katika mji huu, habari za watoto walioharibiwa hazijifichi katika kitubio. Mhalifu wa kwetu haungami, anatafuta wazee. Mnajua kikao chenyewe. Familia mbili zinakutana jioni, viti vinaazimwa kwa jirani, mtu mmoja wa heshima, mara nyingi wa dini, anafungua kwa sala. Kunatajwa mbuzi na makuta, wakati mwingine ndoa, na msichana mwenyewe hayupo, yuko jikoni anapika chakula cha waliokuja kumjadili. Mwisho mtu wa dini anasema, "Yaliyosemwa hapa yabaki hapa," na wote wanaitikia. Sheria ya 2006 imekwisha kusema kwamba kosa la ubakaji halizimwi kwa faini ya kupatana. Na kanuni ya 983 haimo katika kikao hicho hata kidogo. Hakuna sakramenti pale. Hakuna toba. Siri ya kitubio imegeuzwa blanketi la kuwafunika watu ambao hawakuungama chochote.

Ndugu zetu Waprotestanti hawana kitubio kama chetu, na jirani zetu Waislamu hawana kabisa, lakini nimewasikia wote wakilivuta blanketi hilohilo. Mchungaji husema alichosikia ofisini kwake ni cha Mungu. Mzee wa msikiti hukumbusha kwamba muumini husitiri aibu ya mwenzake. Sitaki kufundisha dini ya mtu mwingine. Nauliza tu kwa nini sitara inamfikia mzee wa miaka 50 na haimfikii mtoto wa miaka 9.

Mkitaka kujua kimya kinagharimu nini, tazameni Kavumu, Kivu Kusini, si mbali na Bukavu. Tangu mwaka 2013 hadi 2016 wasichana wadogo wapatao arobaini, wengine hata umri wa shule hawajafika, walichukuliwa usiku vitandani mwao na kubakwa. Waliofanya hivyo walikuwa kundi lenye silaha lililojiita Jeshi la Yesu, na nyuma yake alikuwa Frederic Batumike, mjumbe wa bunge la jimbo. Watu walimwogopa, na mtetezi mmoja wa haki aliyekuwa akifuatilia habari hizo aliuawa. Kilichovunja kimya ni kwamba akina mama waliendelea kuwapeleka watoto hospitali ya Panzi, na kwamba madaktari, ambao nao wana kiapo cha siri, waliona siri ya mgonjwa ni kwa ajili ya mgonjwa na si kwa ajili ya aliyemuumiza. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, ikiketi palepale Kavumu, ilimhukumu Batumike na wenzake kumi kifungo cha maisha.

Jueni basi mpaka uko wapi. Analolisikia padri akiwa muungamishi, katika sakramenti, limefungwa. Analolisikia mezani, njiani, sakristiani, kwenye simu au katika kikao cha shirika, halijafungwa na kanuni ile. Tena tangu Papa Fransisko atoe amri yake ya Mei 2019, Vos estis lux mundi, padri na mtawa mwenye habari hizo wanapaswa kuzifikisha kwa Askofu, na aliyetoa taarifa hawezi kuamriwa anyamaze. Amri hiyo haiondoi wajibu wa sheria ya nchi. Na ninyi, watoto wakiwaambia jambo kwenye mazoezi ya wimbo, hamjasikia kitubio. Mtu akiwaambia mmefungwa, mwambieni kwa adabu, "Hapana, Baba," kisha endeleeni na safari yenu.

Hata ndani ya kitubio padri hana mikono mitupu. Mwaka huohuo wa 2019 Idara ya Toba ya Kitume kule Roma ilitoa waraka juu ya jambo hili. Umesema padri hawezi kumwekea mkosaji sharti la kujipeleka polisi ndipo apate maondoleo, na najua wengi wenu hapo mtakunja uso. Mimi mwenyewe nimeusoma mara kadhaa nikiwa nimekunja uso. Lakini asiye na nia thabiti ya kuacha hapewi maondoleo, na asiyemwondoa mtoto mikononi mwake hana nia hiyo, hata akilia machozi. Na waraka unaendelea: anayeungama akiwa ndiye aliyetendewa ubaya, muungamishi ahakikishe anamfundisha haki zake na njia za kufikisha jambo kwa sheria ya nchi na ya Kanisa. Kipande hicho kingeandikwa kwa herufi kubwa ningefurahi. Mtoto anayekwenda kuungama kwamba "nimefanya mabaya na mjomba" hakufanya dhambi. Padri anaweza kumwambia hivyo, na kumwomba, akitaka, waonane nje, pamoja na mama mmoja anayemwamini, aseme tena. Yakisemwa nje, yamesemwa nje.

Kwa hiyo mwombeni paroko, kila mwaka kabla ya komunio ya kwanza, awaambie watoto maneno hayo wote pamoja, kanisani, kabla hajaketi kuungamisha. Na aungamishe chini ya mwembe, mbele ya macho ya watu, mbali na masikio yao, asiwapeleke chumbani. Padri mwema atafurahi kuombwa. Asiyefurahi, mtakuwa mmejifunza kitu.

Mmoja wenu, na anajijua, aliwahi kunisukuma mbali zaidi: na yule aliyenyimwa maondoleo akirudi nyumbani kwa mtoto usiku uleule? Dada, hapo sina jibu la kukufurahisha. Nisingependa sheria ya Kongo imlazimishe padri kuvunja siri, kwa maana siku itakapofanya hivyo mkosaji hatakuja, na padri hatapata hata ile nafasi moja ya kumwambia aondoke katika nyumba hiyo. Najua kuna mtoto anayelipa gharama ya msimamo wangu. Ndiyo maana nawadai nyinyi mlio nje ya kitubio muwe na macho, kwa kuwa padri hana ruhusa ya kuwaonyesha.

Wadogo mnaowalea wamepewa majina mawili, sijui kama mmewahi kuyatazama. Kizito alikuwa mtumishi mdogo katika jumba la Kabaka Mwanga, na Karoli Lwanga aliwakinga wavulana wa pale wasiguswe na mfalme, mpaka wakachomwa moto Namugongo mwaka 1886. Anuarite aliuawa Isiro mwaka 1964 kwa sababu alimkataa kanali wa Simba. Kanisa halikuwatukuza waliofanya kikao na Mwanga.

Yaliyobaki ni ya kazi. Mtoto akisema, msimhoji tena na tena, msimwogeshe, msizikutanishe familia. Mpelekeni hospitali kwanza: dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Nendeni baadaye kwa polisi wa ulinzi wa mtoto na parke, wawili au watatu pamoja, asiende mmoja peke yake. Andikeni maneno ya mtoto kama alivyoyasema, na tarehe. Na walio Alunguli wapatane mapema na mwenye pirogi, wakati hakuna shida yoyote, bei ya kuvuka Lualaba usiku na nani atailipa. Fedha kidogo ya kuanzia nimemwachia mama mweka hazina wa kwaya.

Babu yenu, Kindu